Neno Lililokwama Juu ya Mlingoti

Wiki ya pili baada ya mafuriko, Mama Beldina alitoka Pap Onditi alfajiri, akaja mjini Kisumu, akapanda mpaka Milimani akiulizia njia kwa walinzi wa malango, hadi akaifikia ile nyumba yenye ua mpana ambayo Ankit, mwenye kampuni ya mitambo ya onyo, aliigeuza kuwa ofisi. Mlinzi alikuwa anamrudisha barabarani wakati Navneet alipomwona kutoka dirishani, akamtambua, akashuka ngazi mbio.

"Karibu, Mama. Pole sana kwa yaliyowapata."

"Sikuja kuchukua pole, nyathina, mwanangu," alisema Beldina. Alikataa kiti, akakataa na chai. "Nimekuja na swali moja. Wewe ndiye unayepima ile mitambo. Niambie, siku ile mimi nilisema nini?"

Navneet hakumwelewa. "Ulisema nini vipi, Mama?"

"Nilisema watu wasivuke. Najua nilisema. Nilisema mpaka koo likakauka. Lakini watu wa kijiji cha Kanyadwera wote, mkubwa kwa mdogo, wanasema niliwaita kwenye daraja. Jumapili nimeingia kanisani, benchi nililokaa likabaki langu peke yangu. Sokoni mama mmoja ameniuliza kama nimeshiba." Alishika ukingo wa meza. "Sasa nimeanza kufikiri, watu wengi hivyo hawawezi kuota ndoto moja. Labda akili iliniruka. Labda mdomo ulisema 'vukeni' na moyo ukadhani umesema 'msivuke'. Kama ni hivyo niambie, nijue nimeua watu, nijue pa kuanzia kulia."

Navneet alikaa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Kisumu, mjukuu wa Kalasinga aliyekuja kutengeneza vichwa vya treni na kufia papa hapa mjini. Kazi yake ilikuwa sauti. Si kuimba wala kutangaza. Alipima muda ambao sauti inachukua kusafiri ndani ya programu, tangu inapoingia kwenye maiki upande huu hadi inapotoka kwenye spika upande wa pili. Wengi hawakujua kwamba kuna kazi ya namna hiyo. Mama yake mwenyewe aliwaambia majirani kwamba binti yake anatengeneza redio.

Na mitambo ile ya mtoni aliijua kama anavyojua vidole vyake. Kampuni ya Ankit iliisimika mwaka mmoja kabla, kwa msaada wa wafadhili, ili watu wa kando ya mto Awach wapate onyo la mafuriko mapema. Kila kijiji kilipewa mlingoti wenye spika mbili na kisanduku cha chuma chenye laini ya simu ndani. Beldina alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la dawa Pap Onditi, mbele ya maiki. Juu kabisa mtoni alikaa Ooko, mtu wa kutazama maji. Maji yakipanda, Ooko alimpigia Beldina simu, Beldina akasema kwa Kiswahili na kwa Dholuo, sauti ikapita kwenye mtandao mpaka Kisumu na kurudi kwenye milingoti, vijiji vikasikia. Walimchagua Beldina kwa sababu kila mtu alimjua. Ukimsikia ulijua ni yeye, na akisema jambo uliliamini.

Kabla ya uzinduzi Navneet aliipima. Kupima kwenyewe hakukuwa na uchawi. Unaweka maiki upande mmoja wa chumba na spika upande mwingine, unapiga kofi moja kali, na kinasa sauti kinasikia makofi mawili: la mkono wako, kisha lile lililozunguka mtandaoni na kurudi. Ile nafasi kati ya kofi na kofi ndiyo kuchelewa. Alipiga makofi siku nzima mpaka viganja vikawaka. Jibu lilikuwa lile lile kila mara, sekunde mbili na ushei. Ankit alifurahi, akawaonyesha wafadhili matokeo kwenye skrini kubwa. Navneet alimwambia kwamba huo ni upimaji wa ofisini, wa mtandao mzuri wa Milimani, na kwamba angependa kwenda kupima kulekule mtoni, tena msimu wa mvua. Ankit akasema wataenda. Hawakwenda.

"Nani anasema ulimwambia avuke?" Navneet aliuliza. "Nani hasa?"

"Mzee Opiyo. Yeye ndiye alipoteza wengi. Mke wake Agneta, na mjukuu wao Winny. Agneta wamempata. Mtoto bado."

Navneet aliinuka, akachukua kinasa sauti na funguo za gari. Ankit alimkuta kwenye ngazi.

"Unaenda wapi?"

"Kanyadwera. Kupima."

"Navneet, sasa hivi si wakati. Watu wana hasira. Subiri waende polisi kwanza, waende watu wa serikali."

"Nilisubiri mwaka mzima," alisema Navneet, akampita.

Njiani Beldina alimsimulia siku ile, naye Navneet aliendesha bila kumkatiza. Ilikuwa Jumamosi. Kanyadwera kwenyewe hakukunyesha tone asubuhi ile, mvua ilikuwa juu, upande wa vilima. Karibu na saa sita Ooko akapiga simu kwamba mto unapanda na kijiji hakitapona. Shule iko ng'ambo, mahali pa mwinuko, na njia ya kufika ni daraja la miguu. Kwa hiyo Beldina akawasha maiki, akasema: watu wa Kanyadwera, vukeni daraja sasa, nendeni shuleni, bebeni watoto, acheni vitu. Akarudia mara nyingi. Hayo yalikuwa maneno ya haki, na waliotoka mara ya kwanza wakavuka salama. Kisha mvua ikashuka bondeni yenyewe, nguzo za umeme zikaanguka upande wa Awasi, na mtandao ukawa wa kubahatisha. Ooko akapiga tena, akipiga kelele: mti mkubwa umegonga daraja, nguzo moja imeng'oka. Hapo Beldina akabadilisha maneno. Msivuke. Daraja limekufa. Pandeni kijilima cha kanisa, kaeni hapo, msivuke. Alisema hivyo bila kupumzika mpaka umeme wa chumba chake ukakatika.

"Na kwenye spika zako wewe, hukusikia?" Navneet aliuliza.

"Mimi sina spika. Nina maiki tu. Nasema, naamini imefika."

Kanyadwera ilikuwa imebaki tope na mabati. Maji yalikuwa yameacha mstari wa udongo kwenye kuta, juu ya kimo cha mtu. Daraja halikuwapo. Kulikuwa na vishina viwili vya zege upande huu, na waya zilizosokotana zikining'inia kwenye mto ambao sasa ulikuwa mtulivu kana kwamba haukufanya lolote. Mlingoti ulikuwa bado umesimama hatua chache kutoka kichwa cha daraja, na taa ya kijani ikiwaka kwenye kisanduku.

Beldina hakushuka garini. Alisema akionekana pale watu hawatasikiliza kitu kingine. Wakakubaliana: boda moja ikamrudisha Pap Onditi, kwenye chumba chake, na Navneet angempigia simu.

Navneet alimkuta Mzee Opiyo akichomoa mbao kwenye matope. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu nyeupe fupi, na gumboot moja iliyopasuka. Navneet alimwamkia kwa Dholuo chake cha sokoni, akampa pole, akajitambulisha waziwazi: mimi ni wa kampuni iliyoweka mlingoti huu.

"Mmekuja kuutoa?"

"Nimekuja kujua mlingoti ulisema nini, na ulisema saa ngapi."

Opiyo alichomoa ubao mwingine. "Mimi naweza kukwambia. Sihitaji mashine." Akatupa ubao. "Ile saa maji yaliingia uani, Agneta alisema tukae. Alikuwa anaogopa daraja. Mimi ndiye nilimwambia, sikia, Beldina anasema tuvuke, Beldina hawezi kusema uongo. Ilikuwa inasema hivyo, hapo juu, waziwazi, vukeni, vukeni. Sauti nzuri, haikatikikatiki. Akabeba Winny mgongoni. Mimi nikarudi kufungua ng'ombe. Nilikuwa nawaona. Walipita hapa chini ya huu mlingoti, wakaingia darajani na wale wengine. Walifika katikati." Mkono wake ulikuwa umeshika hewa, kama mtu anayeshika kamba ya ng'ombe. "Nilikimbia na mto mpaka pale kwenye kona. Nikaona nguo. Nikarudi tena huku, sijui kwa nini nilirudi, labda nilidhani wametoka. Nikasimama hapa. Ndiyo nikasikia huyo mwanamke juu ya kichwa changu anasema, msivuke. Msivuke, daraja limekufa. Alijua limekufa! Alitutuma kwanza, akaona tumekufa, ndiyo akabadilisha."

Wanawake wawili waliokuwa wakifua nguo zenye tope walikuwa wameacha kufua.

"Mzee," Navneet alisema, "nikuombe ngazi. Na sufuria."

"Sufuria ya nini?"

"Ya kuharibu mtandao."

Walimletea. Kwanza alifanya kama alivyofanya Milimani, bila kuharibu kitu. Alimpigia Beldina simu, akaweka simu kwa sauti kubwa juu ya jiwe, akaweka kinasa sauti kando yake. Simu ya kawaida nayo inachelewa, lakini kidogo tu, si kitu cha kumsumbua. Akamwomba Beldina awashe maiki, apige kofi. Kofi likasikika kwenye simu, na mara mlingoti nao ukapiga kofi, kali, lililofanya kuku watawanyike. Sekunde mbili na ushei. Vile vile kama ofisini.

Kisha akapanda ngazi, akaifunika antena kwa ile sufuria nyeusi ya masizi, akashikilia. Taa ya kijani ikawa nyekundu. Akahesabu kimoyomoyo, akaondoa, taa ikarudi kijani. Akafunika tena. Akaondoa. Alifanya hivyo mara nyingi, akijaribu kuiga mtandao wa siku ya mvua unavyokuja na kuondoka, mpaka mabega yakamuuma. Alikuwa amemwambia Beldina ahesabu, moja, mbili, tatu, polepole, bila kusimama. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Tangu mafuriko hawakuwa wameisikia sauti ile ikitoka juu, na ilipotoka, ikihesabu tu, mama mmoja aliketi chini kwenye tope akaanza kulia, na mwingine akapiga kelele kwamba mashine izimwe.

"Bado kidogo," alisema Navneet. "Nawaomba. Bado kidogo."

Aliposhuka alichukua simu. "Mama Beldina, nyamaza sasa. Usiseme neno. Zima na maiki."

"Nimezima," simu ilijibu.

Na juu ya vichwa vyao Beldina aliendelea kuhesabu. Sauti ilikuwa safi, haikukwaruza popote. Mia moja na arobaini. Mia moja na arobaini na moja. Navneet alimpa Opiyo simu.

"Ongea naye, Mzee. Muulize anafanya nini sasa hivi."

Opiyo aliishika simu kama kitu cha moto. "Beldina."

"Baba, ni mimi."

"Unahesabu?"

"La, baba. Nimenyamaza. Nimeambiwa ninyamaze, nimenyamaza. Nimekaa tu hapa."

Mzee aliinua macho kwenye mlingoti. Mia moja na hamsini na tatu, alisema Beldina wa juu. Yule wa simuni alikuwa anapumua tu. Opiyo alihamisha simu sikio hili na lile. Watu wote walikuwa wamenyamaza, hata mama yule aliyekuwa akilia, na walisimama hivyo wakimsikiliza mtu aliyekwisha kunyamaza akisema, dakika ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na ya nne. Hesabu ilipokoma, hakuna aliyejongea.

"Inakuwaje hii?" Opiyo aliuliza hatimaye.

Navneet alimweleza, akichagua maneno. Mtandao ukikatika, maneno hayapotei. Yanangoja Kisumu, kwenye kompyuta. Ukirudi, yanakuja yote, na kisanduku hiki kinayasema yote kwa zamu, kuanzia pale kilipoachia, hakiruki hata moja. Hata kimya chake kinahifadhiwa. Kwa hiyo kila mtandao unapokatika, sauti inabaki nyuma zaidi, na haijui kukimbia ikawahi. Siku ile mtandao ulikuwa ukikatika na kurudi, ukikatika na kurudi. Beldina alipokuwa anasema 'msivuke', kisanduku kilikuwa bado kinasema 'vukeni' ya zamani.

"Kwa hiyo alisema kabla."

"Alisema kabla, Mzee."

"Kabla Agneta hajaingia darajani."

Navneet alitamani kudanganya. "Ndiyo. Nafikiri ni kabla."

Opiyo alitazama kisanduku kile cha chuma, kisha akatazama ardhi iliyokuwa chini yake, mahali palipokanyagwa na watu na kusombwa na maji. "Kwa hiyo hilo neno lilikuwa njiani," alisema polepole. "Mke wangu anapita hapa na mtoto mgongoni, na neno la kumwokoa lilikuwa limepanga foleni nyuma ya hilo la kumuua."

Hakulia. Alirudisha simu, akaokota ubao wake, akaenda nao. Ilikuwa vibaya kuliko kama angelia. Navneet alikuwa amekuja kumwondolea Beldina mzigo, na aliona wazi kwamba mzigo haukuanguka chini. Ulihama tu, ukaenda kukaa juu ya mtu ambaye tayari alikuwa amepinda.

Jioni ile alimwekea Ankit kinasa sauti mezani, akamsikilizisha. Ankit alisikiliza mpaka hesabu ilipoisha, amejishika kichwa.

"Wewe ndiye ulisema sauti isikatike," alisema Navneet. "Isiruke hata neno."

"Nilisema!" Ankit aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wageni walikuja kusikiliza, sauti ikakatikakatika, mmoja akacheka. Nikasema isikatike. Mtu gani angesema ikatike? Ni onyo, Navneet! Nilitaka kila neno lifike!"

"Lilifika."

Nje mtunza bustani alikuwa anakata majani, na mashine yake ilivuma na kutulia, ikavuma na kutulia.

"Nitabadilisha leo," Ankit alisema. "Vijiji vyote vilivyobaki. Neno likichelewa litupwe, lisemwe la sasa tu, hata likikwaruza. Ni kazi ya saa moja."

"Ilikuwa kazi ya saa moja mwaka mzima."

"Nimesema nitabadilisha! Lakini haya mengine yaishie hapa. Tukisema hadharani, tumekwisha. Wafadhili wataondoka, milingoti yote itazimwa, na mvua bado iko. Hao wa vijiji vingine watasikia onyo kutoka kwa nani? Fikiria hilo kabla hujajifanya mtakatifu."

Navneet alilifikiria. Ndiyo iliyokuwa shida, kwamba Ankit hakuwa anasema upuuzi.

"Na Beldina?"

"Tutamtafutia kitu kingine. Tutaweka sauti nyingine. Muda utapita."

"Watu wa kwao wanasema ameua."

"Watu husahau."

"Si kule," alisema Navneet. Aliacha kadi ya mlango mezani, karibu na kinasa sauti, kisha akabadili mawazo akakichukua kinasa. Hakurudi tena ofisini pale.

Kwenye baraza la Pap Onditi alisimama mbele ya watu, mwanamke wa Kihindi kama walivyomwita, akawasimulia yote, na Dholuo kilipomwishia akamalizia kwa Kiswahili. Wale wa Kanyadwera walioisikia hesabu wakatoa ushahidi. Lakini watu wa soko walikuwa wengi kuliko wa Kanyadwera, na hawakuwa wamesikia kitu. Mmoja aliuliza kwa nini mashine isemwe imechelewa wakati redio ya kila siku haichelewi. Mwingine akauliza Beldina amempa nini huyu Muhindi. Kampuni ikatoa taarifa kwamba mfanyakazi wake wa zamani ana kinyongo, na kwamba chanzo kilikuwa hali mbaya ya hewa. Hiyo ndiyo iliyosemwa redioni. Hali mbaya ya hewa ilikuwa jibu rahisi kushika. Mvua kila mtu alikuwa ameiona.

Vijiji vingine vilibadilishiwa mfumo. Mwezi wa Mei mto ulipanda tena, sauti ya mtu mwingine ikatangaza, ikakwaruza na kukatika, na watu wakahama wakaokoka. Navneet alipata habari hiyo akiwa kwa mama yake, akafurahi, kisha akashindwa kula.

Winny alipatikana ziwani, mwishoni mwa mwezi huo, kwenye mafunjo ya mahali mto unapoingia, na wavuvi waliokuwa wakitoa nyavu zao. Walimtambua kwa bangili. Mzee Opiyo akatuma ujumbe kwa Navneet kwamba watamzika Jumamosi, kando ya nyanya yake. Navneet alimpitia Beldina.

Walipofika watu hawakuondoka. Hilo lilikuwa tofauti. Walisogea, wakawapa nafasi, mama mmoja hata akamgusa Beldina begani. Beldina alianza kulia kwa shukrani kabla hajaketi, na Navneet akafikiri, labda. Labda inawezekana.

Opiyo akaja kutoka upande wa kaburi. Alikuwa amevaa koti jeusi lililomzidi. Alimshika Navneet mkono, akamshika Beldina mkono wa pili, akasimama kati yao.

"Beldina," alisema. "Najua si wewe. Nilisikia kwa masikio yangu, na nikiulizwa popote nasema. Kwangu huna deni."

Beldina alifungua mdomo.

"Ngoja," alisema mzee. Alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Nakuomba kitu. Nimeshindwa. Nimejaribu nikashindwa. Nikisikia sauti yako naona mgongo wa Agneta anaingia darajani. Siyo kosa lako. Lakini leo, hapa, mbele ya huyu mtoto, nakuomba usiseme. Usinisalimie. Usimsalimie mtu. Ukae nasi, ule nasi, lakini usiseme."

Mdomo wa Beldina ulibaki wazi kwa kitambo, kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Kisha akaufunga, akainamisha kichwa mara mbili.

Alikaa mpaka mwisho. Walipoimba, yeye alitazama chini. Walipotupa udongo, alitupa wake. Padri alipowaomba watu waseme amina, Navneet aliona midomo yake ikikutana na kuachana bila pumzi kupita. Alikula ugali kidogo na samaki, akaosha mikono, akashukuru kwa kugusa kifua chake.

Garini, Navneet alimwambia, "Mama, tumeondoka sasa. Unaweza kuongea."

Beldina alitazama mbele, barabarani, kwenye mashamba yaliyokuwa bado yametapakaa mchanga wa mto. Walipofika njia panda aliinua mkono, akaonyesha kushoto kwa kidole, njia ya kwenda kwake.